Fizikia Haina Kabila

Kuna sentensi moja ambayo imenichosha: "Fizikia haiongeleki kwa Kiswahili." Nimeisikia hapa Isebania, nimeisikia ng'ambo pale Sirari, nimeisikia Migori mjini na Nairobi. Wanaoisema ni watu wenye akili zao timamu, na kichekesho ni kwamba wanaisema kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. Wazazi wanaisema wakiniletea watoto tuisheni. Walimu wanaisema. Hata wapenzi wa lugha wanaisema, wale wa kuvaa kitenge kila tarehe 7 Julai na kusifu utamu wa Kiswahili. Kitamu kwa mashairi, kitamu kwa mapenzi, kitamu kwa siasa. Ikifika fizikia, ati basi.

Naikataa sentensi hiyo. Nitachukua fizikia ngumu, isiyo kwenye silabasi ya shule yoyote ya upili hapa Kuria: jinsi uga wa umeme unavyotumika kuchambua molekuli na kuzifunga breki zikiwa ndani ya mkondo wa baridi kali. Nitaieleza kwa Kiswahili hiki hiki cha mpakani. Kikikwama njiani, mnicheke. Kisipokwama, itabidi mtafute kisingizio kingine.

Tuanzie kwa fundi wa pancha. Akifungua vali ya tairi lililojaa, weka kidole mbele ya hewa inayotoka. Ni baridi, ilhali tairi lenyewe limekaa juani tangu asubuhi. Kwa nini? Ndani ya tairi, molekuli za hewa zinakimbia ovyo kila upande na kugongana, na fujo hiyo ndiyo tunayoiita joto. Zikipata tundu dogo, zinatoka kwa kishindo, na sehemu ya nguvu iliyokuwa kwenye fujo inageuka kuwa mwendo wa kwenda mbele. Fujo inapungua, kwa hiyo joto linapungua.

Fikiria matatu inayotoka Isebania kwenda Kisii. Aliyesimama kando ya barabara anaona abiria wote wakipita kwa kilomita 80 kwa saa. Lakini ndani ya gari, mmoja kwa mwingine, wametulia tu. Mkondo wa molekuli ni hivyo hivyo. Wanasayansi huchukua gesi tulivu kama argoni au xenoni, wanaichanganya na molekuli chache wanazozitaka, kisha wanaiachia itoke kwa tundu dogo na kuingia kwenye ombwe, yaani chumba kilichonyonywa hewa. Ndani ya mkondo huo baridi inaweza kufika nyuzi moja hivi juu ya sifuri halisi, ile ya nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida. Ila matatu bado inakimbia: mamia ya mita kila sekunde. Molekuli zimepoa, lakini zina haraka.

Sasa, utafungaje breki kitu ambacho hakina chaji? Chukua kifuniko cha biro, kisugue kwenye nywele kavu, kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vinarukia biro. Karatasi haina chaji ya ziada, lakini ndani yake chaji chanya na hasi zinajipanga upya: moja inasogea karibu na biro, nyingine mbali. Na kwa kuwa uga wa umeme ni mkali zaidi karibu na biro kuliko mbali, mvuto unashinda msukumo. Hapo kuna siri nzima ya kazi hii: ukitaka kusukuma kitu kisicho na chaji, tengeneza uga usio sawa, mkali huku na dhaifu kule.

Molekuli nyingi zina upande mmoja ulioelekea chanya na mwingine hasi. Maji yako hivyo. Amonia iko hivyo, ile inayokuchoma pua ukiingia choo cha shimo, na ambayo huanzisha safari ya mfuko wa CAN unaouziwa kwa agrovet. Zikiingia kwenye uga usio sawa, molekuli hizi zinagawanyika kulingana na hali zilizomo. Kuna zinazoufuata uga mkali, na kuna zinazoukimbia.

Shika hizi zinazoukimbia. Kwake, uga mkali ni kama kilima mbele ya bodaboda iliyozimwa injini. Inapanda kwa mwendo iliokuja nao, na kila mita inayopanda inapoteza mwendo. Ikiachwa iteremke upande wa pili, itaurudisha wote. Kwa hiyo unafanya ujanja ambao hakuna mtu wa barabara anaweza kuufanya: ikikaribia kileleni, unazima umeme. Kilima kinatoweka. Bodaboda iko tambarare tena, mwendo umepungua, na mteremko haupo. Halafu unawasha kilima kingine mbele yake.

Mwaka 1999, huko Uholanzi, Hendrick Bethlem, Giel Berden na Gerard Meijer walipanga vilima 63 vya namna hiyo, kimoja baada ya kingine. Walitumia kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa, baada ya kuipandisha nishati kwanza kwa leza. Molekuli ziliingia kwa mita 225 kwa sekunde, na zile zilizoenda sambamba na swichi zikatoka kwa mita 98. Kwa kilomita, hiyo ni kushuka kutoka 810 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria, hadi kama 353. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hupimwa kwa kasi mara kasi, zilikuwa zimepokonywa zaidi ya asilimia 80 ya nishati hiyo. Mwaka uliofuata, kundi lao lilipunguza mwendo wa amonia hadi likaweza kuinasa ndani ya mtego wa uga wa umeme, ikaelea humo bila kugusa ukuta.

Haya, nimemaliza somo. Ni aya gani iliyowashinda?

Najua mtakalosema. Mtasema molekuli, argoni na leza si maneno ya Kiswahili. Kiingereza chenyewe kililichukua neno molekuli kutoka Kifaransa, na Kifaransa kikalitoa kwenye Kilatini. Hakuna Mwingereza anayelala macho kwa sababu hiyo. Lugha huazima kama jirani anavyoazima sufuria, na hakuna anayesema jirani hajui kupika. Kisha angalieni yale maneno ambayo hayakutoka Kiingereza: uga, ombwe, mkondo, chanya, hasi, nishati, kasi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Wengi wenu mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa. Msamiati ulikuwa rafuni ukiwasubiri, na bado mnaambiwa haupo.

Tena hebu nieleze mashine hiyo inaitwaje, kwa sababu jina lake lina hadithi. Inaitwa kwa jina la Johannes Stark, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba uga wa umeme unagawanya mistari ya mwanga unaotolewa na atomu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1919. Baadaye akawa mfuasi wa Hitler, na pamoja na Philipp Lenard akawa anahubiri kwamba kuna "fizikia ya Kijerumani", safi na ya kweli, na kwamba ile ya akina Einstein ni uchafu wa Kiyahudi. Baada ya vita, mwaka 1947, mahakama ya kuwachuja Wanazi ilimpata na hatia.

Mkondo wa molekuli nao una baba yake. Otto Stern, akiwa na Walther Gerlach mjini Frankfurt mwaka 1922, alipitisha mkondo mwembamba wa atomu za fedha katikati ya uga wa sumaku usio sawa, na mkondo ukagawanyika mara mbili. Stern alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika serikali aliondoka Ujerumani, akaenda Marekani.

Kwa hiyo mashine ya 1999 inachanganya mkondo wa Stern na uga wa Stark: Myahudi aliyekimbizwa na Mnazi aliyeshangilia kukimbizwa kwake. Zinafanya kazi pamoja vizuri kabisa. Molekuli haikuuliza nani ni wa kabila gani.

Wacha sasa nilete jambo hili nyumbani. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Tanzania. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye jokofu. Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu siku hiyo akikosea hesabu yoyote anaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba alinyanyuka na swali lile lile mbele ya kicheko kile kile. Osborne alienda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na Mpemba wakati huo alikuwa anasomea mambo ya wanyamapori. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani. Sawa, wabishane, hiyo ndiyo kazi yao. Ila wanabishania swali lililoulizwa na mvulana wa aiskrimu, na wameliita kwa jina lake.

Mnaona ndugu hao walivyofanana? Stark alisema fizikia ina damu. Mwalimu wa Mkwawa alisema fizikia ina mwenyewe, na mwenyewe si Mpemba. Nanyi mnasema fizikia ina lugha, na lugha hiyo si yetu. Sisemi nyinyi ni Wanazi, msinishtaki. Nasema mmekalia tawi lilelile la mti.

Nitawajibu wanaoniambia, "Lakini hao Waholanzi wenyewe si waliandika kwa Kiingereza?" Kweli, makala yao ilitoka kwa Kiingereza, kwa sababu huko ndiko wenzao wa dunia nzima wanasoma. Lakini mtoto wa kawaida wa Uholanzi anasoma fizikia shuleni kwa Kiholanzi, na kwake somo hilo lina jina la kwao, natuurkunde, elimu ya maumbile. Hili halikuanguka kutoka mbinguni. Zamani Kiholanzi nacho kilikuwa lugha ya sokoni na elimu ilikuwa kwa Kilatini. Mwaka 1586 Simon Stevin aliandika kitabu cha sayansi ya mizani na uzani kwa Kiholanzi, na ndani yake akaitetea lugha hiyo kuwa inafaa sayansi. Ndiye aliyewapa neno wiskunde kwa hisabati, wanalitumia mpaka leo. Mtoto anaelewa kwanza kwa lugha anayoiota, halafu anajifunza Kiingereza cha kuwaambia wengine alichoelewa. Sisi tumegeuza: tunamtaka aanze na Kiingereza, na kuelewa kutakuja Mungu akipenda.

Hapa mpakani tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Ng'ambo ya kizuizi, Sirari, shule ya msingi ya serikali inafundisha sayansi kwa Kiswahili. Upande huu, kuanzia Gredi 4, ni Kiingereza. Nina wanafunzi wa pande zote mbili. Nilipofanya lile jaribio la biro na karatasi, kijana wa upande wetu aliniandikia maana ya uga wa umeme kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kosa hata la nukta. Nikamwambia, haya, nieleze basi kwa nini karatasi imeruka. Kimya. Msichana wa Sirari akainua mkono: "Mwalimu, karatasi yenyewe haina chaji, ila chaji zake zimejipanga. Za karibu zinavutwa zaidi." Kwisha. Hakuwa na akili kuliko mwenzake, alikuwa na ruhusa tu ya kufikiri kwa lugha yake.

Na msisherehekee, watu wa Tanzania. Msichana huyo akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo yamegeuka Kiingereza karibu yote, na kile kinywa kilichonieleza uga kinafungwa. Nyinyi mnakata lugha yake akiwa na miaka 13 au 14, sisi tunaikata mapema zaidi. Tofauti ni umri wa jeraha.

Hii ndiyo gharama ninayoizungumzia. Sasa hivi Kenya wanafunzi wa sekondari ya juu wanapangwa kwenye njia tatu, na moja ni ya sayansi na teknolojia. Tunadhani tunachuja uwezo. Mara nyingi tunachuja Kiingereza. Mtoto wa Nairobi aliyelelewa na katuni za Kiingereza anapita, wa Isebania anayejua kufungua redio na kuirudisha anaambiwa sayansi si yake. Mzazi mmoja aliniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, wewe mfundishe Kizungu cha fizikia, hiyo fizikia yenyewe atajua mbele." Simlaumu. Anajua mtihani unapima nini.

Kuna na wale wa pili, watu wa "itatusaidia nini". Ati watu wa Kuria wanahitaji mbolea na barabara, molekuli za baridi ni starehe ya matajiri. Nawaheshimu kwa sababu njaa si hoja ya kuchezea. Lakini angalieni hili. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Charles Townes na wenzake James Gordon na Herbert Zeiger walipitisha mkondo wa amonia katikati ya vyuma vyenye umeme. Uga ukazikusanya katikati molekuli zenye nishati ya juu na kuzitupa nje zile za chini. Hizo zilizochambuliwa zikatoa mawimbi yaliyokwenda kwa mpigo mmoja. Waliiita meza. Faida yake ilikuwa nini siku hiyo? Hakuna aliyejua vizuri. Mwaka 1960 wazo hilohilo likahamishiwa kwenye mwanga, ikawa leza. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na ndani yake mawasiliano yanasafiri kama mwanga wa leza chini ya Bahari Hindi. Unaposema molekuli haina faida kwetu, unalisema kwa simu, buda, na sauti yako inabebwa na mtoto wa molekuli.

Na kazi haijaisha. Mwaka 2008 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba uga wa umeme unaweza kutenganisha molekuli zenye atomu zilezile, idadi ileile, zilizotofautiana tu kwa namna zilivyojikunja. Kule Marekani, watu wanatumia mkondo baridi wa oksidi ya thori kupima kama elektroni ni duara kamili. Kwa nini vijana wa Migori wawe wa mwisho kusikia?

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiogopa kidogo, kwa sababu ina ukweli. Rafiki yangu Mkuria aliniuliza, "Na mbona si Kikuria?" Hakika. Kwa bibi wa kijijini, Kiswahili chenyewe ni lugha ya ofisini. Jibu langu ni kwamba kila neno nililoandika hapa linafaa Kikuria, Dholuo na Ekegusii pia, na siku mtu atakapoeleza uga wa umeme kwa Kikuria nitakaa mbele na daftari. Naanza na Kiswahili kwa sababu ndicho soko la Isebania linalokitumia, Mkuria na Mjaluo, Mkenya na Mtanzania, bila mkalimani.

Ninachotaka si kikubwa. Mwalimu wa fizikia aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili mchana kweupe, bila kuchungulia kama mkaguzi anapita. Karatasi ya mtihani wa sayansi iwe na maswali kwa lugha mbili, ukurasa mmoja, na mwanafunzi ajibu kwa anayoiweza. Tanzania isizime Kiswahili mlangoni mwa sekondari. Na Kiingereza kiendelee kufundishwa vizuri kuliko sasa, kama lugha, na mwalimu wa lugha.

Nyinyi mnaoandika hadithi na mashairi humu, nanyi mna deni. Mwaka 1954 huohuo wa amonia ya Townes ndio TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, siku ambayo dunia sasa imeipa Kiswahili. Msituletee tena makala ya kusifu utamu wa lugha. Andikeni jinsi betri inavyokufa, jinsi chanjo inavyofanya kazi, kwa nini stima ikirudi ghafla inaunguza friji. Lugha hupata misuli kwa kubeba mizigo.

Na mtu akikuambia tena kwamba fizikia haiongeleki kwa Kiswahili, usibishane naye sana. Mpe makala haya ayasome, kisha mwambie akuonyeshe sentensi aliyoshindwa kuielewa.